Nyumba Mpya, Moshi wa Zamani

Siku hizi si ajabu kumsikia mtu anayejenga nyumba akitaja kitu ambacho baba zetu hawakukijua hata kwa jina: mtambo wa kusafisha hewa ya nyumba nzima. Wengine wameuona walipokwenda kufanya kazi Dubai au Muscat. Wengine wamesoma habari zake katika vijarida vya wauzaji wa vifaa vya ujenzi. Na kwa kuwa wengi wetu wenye asili ya Kisii na Nyamira tunaishi Nairobi, Nakuru au Mombasa lakini tunajenga nyumbani, swali huja lenyewe: je, na sisi tuuweke kule Keroka, Ogembo au Kebirigo?

Jibu nitalitoa mapema ili usije ukasema nimekuzungusha. La, usiuweke. Si kwa sababu mtambo huo ni mbaya. Ni mzuri kwa nyumba uliyotengenezewa. Lakini katika boma la Kisii au Nyamira pesa hizo zina kazi nyingine, nayo ni kazi iyo hiyo ya kusafisha hewa, ila inaanzia mahali ambapo wajenzi wengi hawapatazami kabisa. Tuende hatua kwa hatua.

MTAMBO WENYEWE

Mtambo wa aina hii ulipata soko katika nchi za joto na vumbi, kama vile Arizona huko Marekani na nchi za Ghuba. Huko upepo wa jangwani unaweza kuinua ukuta wa vumbi ukafunika mji mzima mchana kweupe. Joto nalo ni kali, kwa hiyo watu hufunga madirisha na milango na kuishi kwa kiyoyozi. Nyumba ya namna hiyo tayari ina mabomba makubwa ya hewa yaliyopita juu ya dari, na feni inayovuta hewa kutoka vyumbani, kuipoza na kuirudisha.

Mtambo wa kusafisha hewa huungwa katika mabomba hayo hayo. Hewa inapopita hukutana kwanza na chujio la kawaida linalonasa nywele, nyuzi za nguo na vumbi kubwa. Kisha hukutana na chujio lenye nyuzi za kusongamana sana. Lile maarufu kabisa huitwa HEPA, na kipimo chake ni kunasa chembe 99.97 katika kila chembe 100 zenye upana wa mikroni 0.3. Ili upate picha, unywele wa binadamu una upana wa mikroni 70 hivi. Mitambo mingine huongeza chujio la mkaa maalumu wa kupunguza harufu.

Sasa tazama masharti yake. Kwanza, nyumba iwe imefungwa, maana hewa mpya ikiingia kwa nguvu kila upande, mtambo utakuwa unafukuza upepo. Pili, mabomba ya hewa yawepo. Tatu, umeme uwepo saa zote ambazo unataka hewa safi. Nne, machujio yabadilishwe kila baada ya miezi kadhaa, maana chujio lililojaa huzuia hewa yenyewe.

Linganisha na nyumba zetu. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyamira ina sehemu zilizo juu zaidi, penye baridi na majani chai. Mvua ya mwaka hupita milimita 1,500. Kiyoyozi cha nini? Tunafungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni baridi inapoingia. Kati ya ukuta na paa mara nyingi pana mwanya ambao ndege hupitia. Hakuna bomba la hewa hata moja. Kuuweka mtambo wa jangwani hapo ni sawa na kumvalisha mtu koti la mvua ndani ya mto.

Hata hivyo, sababu kubwa ya kusema la si hiyo. Sababu kubwa ni kwamba uchafu wa hewa ya kwetu hautoki jangwani. Tunauwasha wenyewe kwa kiberiti, mara tatu kwa siku.

PAFUKAPO MOSHI

Ukifika katika boma lolote kule nyumbani utaona nyumba kubwa, pengine ya matofali, yenye vigae sakafuni na makochi yaliyofunikwa vitambaa. Nyuma yake, hatua kumi au kumi na tano hivi, utaona jiko. Mara nyingi ni kibanda cha udongo au cha mabati, chenye mlango mmoja na pengine tundu moja la dirisha. Ndani yake kuta ni nyeusi kwa masizi na meko ni mafiga matatu. Katika jiko hilo ndimo mama, shangazi, dada na watoto wadogo wanamokaa kwa saa nyingi kila siku.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya zilitegemea kuni kwa kupikia. Gesi ilikuwa asilimia 23.9, nayo imeenea zaidi mijini. Kisii na Nyamira ni nchi ya kuni: mikaratusi kwenye mipaka ya mashamba, magunzi ya mahindi, na matawi ya michai yanayokatwa wakati wa kupogoa.

Nyumba za zamani za Abagusii zilikuwa za mviringo na ziliezekwa kwa nyasi. Moto uliwashwa ndani, na moshi ulipanda ukapenyeza polepole katika nyasi. Ulikausha nafaka iliyowekwa darini, ulifukuza wadudu na kuifanya nyasi idumu. Watu walikohoa, hilo halina ubishi, lakini paa lilipumua. Kisha yakaja mabati. Mwaka 2019 karibu nyumba 80 katika kila 100 nchini zilikuwa zimeezekwa kwa mabati. Bati ni zuri, halivuji na halishiki moto. Lakini bati halipumui. Moshi ukipanda ukalifikia, hugeuka ukarudi chini hadi kwenye vichwa vya watu. Tulibadilisha paa, tukasahau kwamba lile la zamani lilikuwa pia njia ya moshi.

Moshi huo una nini? Una chembe ndogo mno ambazo hupita puani na kooni, zikashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Una pia gesi za sumu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2021 likisema kwamba chembe zile ndogo, zenye upana wa mikroni 2.5 kushuka chini, zisizidi wastani wa maikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa kwa siku. Shirika hilo hilo linasema kwamba katika nyumba zisizo na njia nzuri ya hewa, moshi wa jikoni unaweza kupita kiwango kinachokubalika mara 100. Linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na maradhi yaliyoletwa na moshi wa majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Nimonia kwa watoto, maradhi ya kudumu ya kifua, ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu: yote hayo yamo katika orodha.

Basi fikiria, msomaji. Ukiweka mtambo sebuleni, utakuwa umemsafishia hewa mgeni anayekuja Desemba na kuondoka Januari. Mama aliyempikia mgeni huyo chai atabaki jikoni akipangusa machozi kwa leso. Wahenga walisema cha kuvunda hakina ubani. Hewa iliyovundia jikoni haitaponywa kwa ubani wa sebuleni, hata uwe ubani wa umeme.

WALIOPIMA WALIONA NINI

Mambo haya hayakuanza kusemwa jana, na hapa kwetu Kenya yamepimwa. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha kazi ya Majid Ezzati na Daniel Kammen, waliofuatilia familia za nyumba 55 katika eneo la Mpala, Laikipia. Walionyesha kwamba haitoshi kupima moshi wa wastani katika chumba. Mpishi huinama karibu na moto wakati ule ule moshi unapokuwa mzito, yaani anapochochea, anapopuliza na anapokoroga. Kwa hiyo mwanamke hupata kipimo kikubwa kuliko kile ambacho wastani wa chumba ungeonyesha.

Karibu na wakati huo, kati ya mwaka 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo sasa huitwa Practical Action, lilifanya majaribio pamoja na akina mama wa Kajiado na wa magharibi mwa Kenya. Walijaribu kupanua madirisha, kuacha nafasi kati ya ukuta na paa, na kuweka kofia kubwa ya bati juu ya meko iliyounganishwa na bomba la kutoa moshi nje. Kofia ile ya bati ndiyo iliyoshinda. Madirisha yalisaidia, lakini si kama kofia. Sababu ni rahisi kuielewa: dirisha hungoja moshi uenee chumbani kisha hutoa sehemu yake, hali kofia huukamata kabla haujafika puani.

Kuna na somo la tatu, la kutuzuia tusiamini kila jiko jipya linalouzwa. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Malawi uliohusisha watoto zaidi ya 10,000. Familia zilipewa majiko ya kisasa yanayochoma kuni vizuri zaidi. Nimonia ya watoto haikupungua. Majiko hayo hayakuwa na bomba la moshi, na kijijini kulikuwa na moshi mwingine wa takataka, wa majirani na wa meko ya zamani yaliyoendelea kutumika. Jiko la kuokoa kuni huokoa kuni, na hilo ni jambo jema kwa mfuko wako. Lakini usidhani limekwisha kuokoa mapafu mpaka moshi wake uwe unatoka nje.

TABAKA NA VUMBI LA JIWE

Nisije nikadhaniwa kwamba Kisii haina vumbi. Iko sehemu yenye vumbi ambalo hata jangwani hulipati. Nenda Tabaka, kule Mugirango Kusini, yanakotoka mawe laini ya Kisii. Ukinunua kiboko mdogo wa jiwe, sahani ya waridi au bao la kuchezea sataranji katika duka la Nairobi au Mombasa, yawezekana sana kwamba kimetoka huko. Sanaa hii imefika mbali. Ndege wa jiwe aliyechongwa na Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, alipelekwa hadi makao makuu ya UNESCO, Paris.

Jiwe hilo ni laini kwa sababu lina madini ya talki, yale yale yanayosagwa kuwa poda. Huchimbwa kwa mikono. Wanaume hulikata na kulichonga kwa panga, tezo, patasi na kisu. Kisha kinyago huenda kwa wanawake, nao hukisugua kwa msasa ndani ya karai la maji, wakakikausha na kukipaka nta ili king'ae. Kwa wengi kazi hii hufanyiwa uani, hatua chache kutoka mlangoni, watoto wakicheza kando. Vumbi jeupe hukaa juu ya nyusi, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya sufuria.

Vumbi la talki likivutwa kwa miaka mingi huyadhuru mapafu. Na ikiwa jiwe lina silika ndani yake, vumbi lake linaweza kuleta maradhi yaitwayo silikosisi, ambayo huyafanya mapafu kuwa magumu na hayana dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa. Mtu mwenye silika mapafuni hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Sasa waangalie wale akina mama wenye karai la maji. Pengine walianza kutumia maji kwa sababu msasa hufanya kazi vizuri ukiwa umelowa na kinyago hutoka laini zaidi. Lakini maji hayo ni msafishaji wa hewa kuliko mtambo wowote. Chembe ya jiwe iliyonaswa na maji hairuki. Imekamatwa ilipozaliwa.

Iko hatari moja tu, nayo ni ya kusahaulika. Maji hayalifuti vumbi, hulilaza tu. Tope lile likimwagwa uani, likakauka juani, kesho litaamshwa na upepo na miguu ya watoto. Nguo iliyorushiwa tope ikikauka mwilini, mwenye nguo ataingia nayo ndani na kumpakata mtoto. Kwa hiyo tope limwagwe shimoni na kufukiwa lingali bichi. Nguo za kazi zivuliwe nje ya nyumba, zisikung'utwe bali ziloweshwe. Mchongaji anayekata jiwe kavu akae upepo ukimpiga mgongoni, mbali na mlango na mbali na watoto. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi, kwani chembe ndogo hupita katikati ya nyuzi. Inafaa barakoa iliyopimwa kwa kazi ya vumbi, kama zile zinazoandikwa N95 au FFP2, na ikae barabara usoni bila kuacha mwanya.

VUMBI LA BARABARANI

Wale ambao nyumba zao ziko kando ya barabara za udongo na changarawe wanayajua ya Januari na Februari, mvua inapopungua. Matatu moja ikipita, majani ya migomba hugeuka kahawia. Hapa pia mbinu ni ile ile: likamate vumbi kabla halijaingia.

Panda ua mnene wa miti mifupi kati ya nyumba na barabara, kwani majani yake hupunguza nguvu ya upepo na kushika vumbi jingi. Nyasi ziachwe ziote uani badala ya kufagia mpaka udongo mtupu. Fungua madirisha ya upande usiotazama barabara. Weka kitambaa cha kufutia miguu mlangoni, na viatu viachwe hapo. Ndani, usifagie kwa ufagio mkavu, maana ufagio mkavu huinua vumbi dogo likaelea kwa saa nyingi kisha likarudi pale pale. Piga deki kwa maji, na vumbi la juu ya meza lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa kidogo.

RAMANI ICHORWE UPYA

Sasa turudi kwa wewe unayejenga. Chukua ile ramani uliyochorewa na uitazame. Vyumba vya kulala vimo. Sebule imo, na baraza imo. Jiko la kuni limo? Kwa kawaida ramani huonyesha jiko dogo la ndani, la gesi, ambalo kusema kweli litatumika kuchemshia chai ya wageni. Jiko la kweli, la ugali wa watu kumi na maharagwe ya saa tatu, halimo kwenye ramani. Litajengwa baadaye kwa mabati yaliyobaki. Hapo ndipo pa kurekebisha, na nitakupa mambo kwa mpango wa gharama, yale ya rahisi kwanza.

La kwanza ni banda la kuni. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi kwa sababu moto hutumia nguvu zake kukausha maji kwanza. Katika nchi ambayo mvua hunyesha karibu miezi yote, kuni zikiachwa nje hazikauki kamwe. Zipasue ziwe nyembamba, zipange chini ya paa mahali panapopita upepo, uziache miezi kadhaa kabla ya kuzichoma. Pesa za mabati matatu au manne zitapunguza moshi kila siku ya mwaka.

La pili ni kupunguza muda wa moto wenyewe. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha. Funika sufuria. Chakula kikishachemka vizuri, kiingize katika kikapu kilichotandikwa vitambaa vizito ili kiendelee kuiva kwa joto lake. Kila saa ambayo moto haukuwaka ni saa ya hewa safi.

La tatu ni njia ya moshi. Mwambie fundi ajenge meko yaliyoinuliwa ambayo mpishi atasimama bila kuinama, na juu yake kofia ya bati yenye bomba linalopita juu ya paa. Bomba liwe refu kupita kilele cha paa, lisije likarudisha moshi chini upepo ukivuma. Lisafishwe masizi mara kwa mara, maana bomba lililoziba ni sawa na kutokuwa na bomba. Acha mwanya chini ya paa pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Watoto wachanga wasibebwe mgongoni wakati wa kuchochea moto.

La nne, kwa mwenye uwezo, ni kubadilisha moto wenyewe. Gesi ya mtungi haina moshi wa kuni, na ukiweza kuitumia kwa mapishi ya kila siku, kuni zikabaki kwa shughuli kubwa, utakuwa umefanya jambo la maana kuliko mtambo wowote. Anayefuga ng'ombe wawili au watatu zizini anaweza kupata gesi kutokana na samadi yao, na mabaki yakarudi shambani kwenye migomba na michai. Ukimnunulia mama mtungi, kumbuka kwamba mtungi ukiisha gesi ni chuma tu. Afadhali umpelekee pesa za kuujaza kila mwezi kuliko kumpelekea jiko la vichwa vinne la kupambia jikoni.

JIKO LA MAKAA USIKU

Hapa nawageukia wanafunzi, hasa mliopanga vyumba mjini Kisii, Nyamira na kwingineko penye baridi. Jiko la makaa halitoi moshi mwingi likishawaka vizuri, na hapo ndipo linapowadanganya watu. Makaa mekundu hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu aliyejifungia chumbani na jiko la kuotea moto huanza kuumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Wengine hawaamki.

Jua vilevile kwamba chujio haliwezi kukuokoa hapo. HEPA hunasa chembe, lakini gesi hii hupita ndani yake kama upepo unavyopita katika wavu wa samaki. Usilale na jiko la makaa chumbani, hata kama limefunikwa majivu, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Jifunike blanketi la pili. Ukimkuta mtu amezimia katika chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, umpeleke hospitali bila kungoja azinduke.

MTAMBO UNAPOFAA

Nisije nikawaudhi wauzaji bure. Iko mashine ndogo ya chumba kimoja ambayo ina manufaa yake. Mgonjwa wa pumu anayekaa ghorofani Nairobi, kando ya barabara ya magari mengi, akiiweka chumbani anakolala na kufunga dirisha la upande wa barabara, atavuta vumbi na moshi kidogo zaidi usiku. Akitaka kununua, aulize mambo matatu: chujio lake ni la HEPA ya kweli? Inatosha chumba cha ukubwa gani? Chujio la kubadilishia hupatikana wapi na kwa bei gani? Ajiepushe na mashine zinazojisifu kwamba hutengeneza ozoni, kwa kuwa ozoni yenyewe huwasha koo na mapafu, na kwa mwenye pumu huongeza shida. Wala mashine isichukue nafasi ya dawa aliyopewa na daktari.

Lakini hata huyo, kama anakaanga samaki chumba cha pili bila kufungua dirisha, au kama kuna mtu anayevuta sigara ndani, mashine itakuwa inapiga mbio na mshindani asiyechoka.

Basi, mpenzi msomaji, hesabu yote imekuja kuangukia jambo moja. Hewa ya nyumba husafishwa pale inapochafuliwa: kwenye meko, kwenye karai la mchongaji, kwenye kizingiti cha mlango. Ikishaenea vyumbani, unaifukuza kwa gharama kubwa na huikamati yote. Kabla hujamlipa fundi sehemu ya pili ya pesa zake, mpigie simu mama au nyanya umwulize anapikia wapi, moshi unatokea wapi, na kikohozi chake cha asubuhi kimeanza lini. Usimwulize kama anataka jiko jipya, maana atakuambia usijisumbue. Mwulize hayo matatu, kisha umwambie fundi aanze na jiko.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.